Pepo Aliyeonea Haya Jina Lake

Juzi nilikuwa nikipanga vitabu vya wajukuu, vile vya shule ambavyo hawavifungui mpaka mtihani ubishe hodi, nikakuta kimoja cha zamani kilichotoka kwenye sanduku la marehemu kaka yangu. Nilipokifungua, majani makavu ya mwarobaini yakanimwagikia mapajani. Wenzangu wa rika langu mnaijua harufu hiyo. Ndivyo tulivyovikinga vitabu na mchwa siku zile, jani moja kila baada ya kurasa chache, na ukilowesha kidole kwa ulimi ili ufunue ukurasa unaonja uchungu. Nilivuta harufu ile, na papo hapo nikamsikia Mwalimu Yohana akicheka.

Mwalimu Yohana alitoka bara. Aliletwa kwetu Amu, kisiwani Lamu, wakati bendera mpya ya nchi ilikuwa bado haijapaushwa na jua. Alikuwa mrefu, Mkristo, hajui kula samaki mwenye miba, na wanawake wa mtaani walimhurumia kwa kuwa alijipikia mwenyewe na ilisemekana hapiki vizuri. Sisi watoto tulimwogopa kwa hesabu na tulimpenda kwa kitabu. Kila Alhamisi, kipindi cha mwisho, alitoa mkobani kitabu cha Kiingereza kilichopoteza jalada, akapachika miwani, akasoma kimoyomoyo sentensi moja kisha akatutafsiria. Kilikuwa kitabu cha kuchekesha, habari za bwana mmoja wa nchi ya baridi mwenye nyumba kubwa inayovuja na watumishi wasiofaa kwa lolote.

Nawakumbuka wote. Herkule mtunza bustani alikuwa mwembamba kiasi cha kuita mtu amsaidie kuinua ndoo. Argasi mlinzi alilala tangu jua halijazama. Bi Juno, dada yake bwana mwenye nyumba, alitaka kuamkiwa hata na kuku. Na Merkuri, mpeleka barua, mzee mnene mwenye miguu iliyovimba, alipewa mwaliko wa harusi aupeleke kijiji cha pili akafika bibi harusi ana wajukuu. Tulicheka mpaka tukashikana. Lakini kulikuwa na jambo lililonikera. Sisi tulicheka vituko. Mwalimu alicheka majina.

Siku Merkuri alipotokea kwa mara ya kwanza, mzee wa watu hajafanya neno, ametajwa tu, Mwalimu Yohana aliweka kitabu mezani akavua miwani akafuta machozi. Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza. Bibi yangu alisema nilizaliwa kinywa kikatangulia.

"Mwalimu, huyu hajafanya kitu bado. Unacheka nini?"

"Nacheka jina lake, Rukia."

"Jina lina nini?"

Akaketi ukingoni mwa meza. "Hawa walikuwa miungu, zamani sana, ya Wayunani na Warumi. Watu walikuwa wanawafukizia na kuwachinjia ng'ombe. Herkule aliwahi kubeba mbingu mabegani. Argasi alikuwa na macho mia moja, mengine yakilala mengine yako wazi. Merkuri ndiye alikuwa mjumbe wao, anakimbia kuliko upepo. Sasa huyu mwandishi amechukua jina la mwenye mbio akampa mzee asiyeweza kutembea. Ukijua hivyo, jina peke yake linakuchekesha."

"Na sasa wako wapi?"

"Nani?"

"Hao waliokuwa wakifukiziwa."

"Hawapo, Rukia. Hakuna mtu anayewafukizia tena. Wamebaki kwenye vitabu vya kuchekesha."

Kengele ikalia, wenzangu wakatoka mbio. Mimi nilitoka polepole, kwa sababu nilikuwa nimeelewa jambo ambalo Mwalimu mwenyewe, kwa ubara wake, hakulielewa. Sisi tulijua ni nani hufukiziwa na kuchinjiwa. Hao hawatoweki. Ukiwanyima chakula hawafi, wanatafuta mtu wa kumkalia. Na nyumbani kwetu alikuwako mtu aliyekaliwa.

Mtu huyo alikuwa Shangazi Zena, dada yake baba. Aliolewa Pate, na alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Bwanaheri, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia bila kuanguka. Mwaka huo bibi aliumwa, na shangazi akaja Amu kumuuguza. Mtoto alimwacha kwa mama mkwe maana alikuwa na mafua na bahari ilikuwa chafu. Mafua yakageuka homa, homa ikamchukua. Mtu aliyepewa habari alete Amu alipitia kwanza Siyu kwa shughuli zake, na huko akakuta harusi ya jamaa, akakaa. Alipobisha mlango wetu, Bwanaheri alikuwa ameshazikwa na khitma imeshasomwa.

Shangazi hakupiga kelele. Alisikiliza, akaingia ndani, na tangu hapo hakusema tena. Simaanishi alisema kidogo. Hakusema kabisa. Aliswali midomo ikichezacheza bila sauti, alipika, alinisuka nywele kwa mafuta yake ya nazi yenye asumini, na nikimuuliza, "Shangazi, wanivuta?" mkono ulilegea, basi. Mumewe alikuja, akakaa ukumbini na kikombe cha kahawa mpaka kikapoa, akaaga. Bibi alijaribu kumlaani yule mleta habari, kisha akajizuia. "Mjumbe hauawi," alisema, na hakuna aliyelitaja tena jambo la kuchelewa kwake. Kwa watu wazima lilikuwa jambo la aibu, na mimi wala sikulitia maanani. Nililoambiwa ni kwamba shangazi ana pepo.

Nilimpenda mno shangazi yangu. Kitanda chake ndicho nilicholala, na kabla ya msiba alikuwa akinihadithia mpaka bibi agonge ukuta. Kwa hiyo niliposikia baba akimwambia bibi kwamba Maulidi yakipita atampeleka Mombasa, kwenye hospitali ya watu wa namna ile, nilikosa usingizi. Mtoto mmoja wa jirani alinieleza kuwa huko watu hunyolewa nywele na hawarudi. Nywele zenyewe za shangazi zilimfika kiunoni. Baba hakuwa mkatili. Alikuwa mtu wa dini na wa dawa za chupa, na kila aliposikia habari za pepo alishika mwavuli wake akaenda msikitini. "La kuvunda halina ubani," alituambia siku moja mlangoni, na nikamchukia kwa siku nzima.

Bibi alingoja mwavuli upotee kwenye kona, ndipo alipomwita Bi Esha. Huyu alikuwa fundi wa pepo, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito na vidole vinavyonukia udi. Kazi yake wengi wenu mnaijua hata kama leo mnajidai hamuijui. Pepo huketishwa, hufukizwa, huulizwa jina na kabila, kwa kuwa wako wa Kihabeshi, wa Kisomali, wa Kiarabu, na kila mmoja ana matakwa yake. Akishajitaja hupewa anachotaka, na mapatano yakawa. Asipojitaja hakuna la kufanya. Huwezi kupatana na asiye na jina. Bi Esha alikuwa amekuja mara mbili, amemwita kwa makabila yote anayoyajua, na shangazi ameketi kwenye mkeka na kanga yake ya kisutu, anatazama chetezo kama mtu anayengoja chai ichemke.

"Pepo gani huyu, bubu?" Bi Esha alinung'unika akifunga vitu vyake. "Atakuwa mgeni."

Mgeni! Neno hilo nililibeba mpaka Alhamisi ya Merkuri. Nikitoka shule siku hiyo nilikuwa nimeyaunganisha yote. Pepo wa shangazi ni mmoja wa wale wa Mwalimu Yohana. Amekaa karne na karne bila kufukiziwa, ana njaa, amehangaika dunia nzima mpaka akafika Amu. Na kwa nini hajitaji? Jambo lilikuwa wazi. Alikuwa amejua kwamba jina lake limekuwa la kuchekwa, na nani atajitaja mbele ya watu watakaomcheka? Pepo alikuwa na haya. Alihitaji mtu wa kumtajia jina lake kwa adabu.

Bi Esha alirudi siku chache baadaye, alasiri. Baba alikuwa ametoka. Milango ya ndani ilifungwa, moshi wa udi ukajaa chini ya boriti, na mkeka ukatandikwa mbele ya kitanda kirefu alichoketi bibi. Palikuwa na sinia ya halua, marashi, mayai, na buli la kahawa. Mimi nilikuwa nimejibana nyuma ya bibi.

"Ina lako nani, bwana wee?" Bi Esha aliuliza, kama tunavyosema Amu. "Umekuya kwa heri au kwa shari? Wataka nini?"

Kimya. Akarudia. Kimya. Niliona bibi akikaza macho asilie, nikajua Maulidi yakipita ndiyo basi.

"Labda ana haya," nikasema.

"Rukia, nyamaa," bibi alisema na vidole vyake vikanifinya paja.

Lakini Bi Esha alimzuia bibi kwa mkono, akanigeukia. "Mwate anene. Haya ya nini, mwanangu?"

"Ya jina lake. Wanamcheka. Ni wa Kiyunani."

Bi Esha hakuwahi kusikia kabila hilo, na nadhani hilo ndilo lililomfanya aniamini. Akanivuta mbele, akanikalisha kando ya shangazi. "Haya, mtaye ina lake."

Nilianza na Juno, kwa sababu ni mwanamke na nilidhani shangazi angeona raha zaidi. Nilisema kwa heshima kabisa. "Bi Juno, karibu."

"Ataka nini huyo?" Bi Esha aliuliza.

"Ataka kila mtu amwamkie. Hata kuku."

Bi Esha alinitazama, akamtazama shangazi. Hakuna kitu. Nikaenda kwa Herkule.

"Huyu ana nguvu. Alibeba mbingu. Lakini sasa hawezi ndoo, yataka mtu amshikie."

Hapo mabega ya bibi yakaanza kutikisika. Nilikasirika, maana ndivyo nilivyosema, wakicheka hatajitaja. Nikaharakisha Argasi mwenye macho mia anayelala tangu mchana, na Bi Esha, fundi mzima, akajifunika mdomo kwa ukaya. Nilibakiwa na mmoja.

"Merkuri," nikasema. "Ni mjumbe. Ana mbio kuliko upepo. Lakini akipewa habari hufika zimeshapita. Alitumwa kualika watu harusini, akafika bibi harusi ana wajukuu."

Bibi akaangua kicheko, kile cha mtu aliyejizuia miezi. Nami nikahisi mkono umenishika kifundo cha mkono, wa baridi na wenye mafuta ya nazi.

"Huyo hata Amu yuko," shangazi alisema.

Sauti ilikuwa imekwaruza, kama ya mtu aliyeamshwa. Kicheko cha bibi kikakatika.

"Kwangu alikuya wameshazika," shangazi akasema. "Nali nikila, nikilala, kumbe mwanangu yu kaburini siku nyingi. Nali nikimfumia kofia. Sikumwona uso. Hakuna aliyeniambia kuwa amekawia. Mwasema mjumbe hauawi, mjumbe hauawi. Mimi nimwambie nani?"

Akalia. Ndiyo mara ya kwanza kumlilia Bwanaheri kwa sauti, akalia mpaka kisutu kikalowa, na bibi akashuka kitandani akamkumbatia, akawa anasema tu, "Alikawia, mwanangu. Ni kweli, alikawia." Mimi pia nililia, sijui kwa nini, nadhani kwa kuwa nilikuwa nimeisahau sauti yake.

Leo najua ni nini kilichotokea. Wakati ule nilijua kitu kingine, kwamba pepo amejitaja, na Bi Esha alikubaliana nami. Hakuwa mtu wa kupoteza adabu kwa sababu ya machozi. Alimimina kahawa chungu, akaiweka kwenye ncha ya mkeka, akasema kwa sauti yake nzito, "Merkuri, karibu. Tumekuyua. Wewe una mbio, ila hapa Amu umekawia, na mama huyu umemuumiza. Twakupa kahawa usilale ndiani. Twakupa na makubadhi mapya, uwahi." Kisha akamgeukia bibi akamwagiza makubadhi ya ngozi, ya kiume, mazuri. Bibi aliyanunua kesho yake. Mjumbe hauawi, lakini hakuna aliyesema asivishwe viatu.

Alhamisi iliyofuata nilibaki darasani nikamweleza Mwalimu Yohana kuwa Merkuri yuko kwetu. Nilitaraji acheke. Alinisikiliza mpaka mwisho, miwani mkononi.

"Mmempa nini?"

"Kahawa. Na makubadhi."

"Nani aliwaambia habari za viatu?"

"Bi Esha, fundi."

Alichukua chaki akachora ubaoni mtu anayekimbia, na kwenye kila kiatu akamchorea ubawa mdogo. Alinieleza kuwa ndivyo watu wa kale walivyomchora Merkuri, mbio zake zote ziko kwenye viatu. Mimi sikuona cha kushangaza. Mjumbe ni miguu, na Bi Esha alikuwa amepanda vyombo na kungoja wajumbe kuliko Wayunani wote.

"Na shangazi yako? Anaongea sasa?"

"Anaongea."

Mwalimu alikaa kitambo akifuta ubao ambao ulikuwa umeshafutika. Aliendelea kutusomea kitabu kile mpaka kikaisha, na Herkule alimchekesha vilevile. Lakini kila alipofika kwa Merkuri alilisoma jina lile polepole, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye msiba.

Baba alirudi jioni ileile ya shangazi kusema. Alikuta moshi haujatoka na sinia haijaondolewa, na nilimwona akikunja uso tayari kwa hotuba. Kisha akasikia sauti ndani. Alisimama pale penye kizingiti, mwavuli haujakunjwa, na shangazi akatoka kumlaki.

"Kaka," alimwambia, "hospitali sitaki. Nipeleke Pate."

Baba alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alisema, "Inshallah," akaenda kuosha uso, akakaa huko sana. Habari za pepo hakuuliza, wala hakuna aliyemwambia.

Tulikwenda Pate kabla ya Maulidi, mimi nikiwa nimeng'ang'ania mpaka nikachukuliwa. Tulingoja maji yajae ndipo chombo kiingie, kisha tukatembea kati ya magofu na vishamba vya tumbaku. Mama mkwe alimpokea shangazi mlangoni. Walishikana tu, na yule mama mkwe akatutangulia mpaka nyuma ya msikiti, akatuonyesha kwa kidole, akatuacha. Wanawake hawakuwa wakiingia makaburini. Palikuwa na ukuta mfupi wa mawe, na ng'ambo yake, karibu kabisa, kaburi dogo lenye vijiwe viwili, ambalo mtu angeweza kulivuka bila kuliona.

Shangazi alipiga magoti kwenye ukuta. Nilidhani atalia tena, nikamshika upindo wa buibui lake nijiandae. Hakulia. Aliegemeza kidevu juu ya jiwe, kama alivyokuwa akiegemea mto wangu nilipokuwa siwezi kulala.

"Nimefika, baba," alisema. "Nimekawia."

Kisha akaanza kumhadithia. Alianza na siku aliyomwacha, bahari ilivyokuwa, bibi alivyokuwa akiumwa, nyumba yetu ilivyo, kofia aliyokuwa akimfumia ina rangi gani. Hakuruka kitu. Ilikuwa miezi na miezi ya maneno, na aliyatoa moja moja, bila haraka, kwa sauti ya mama anayemlaza mtoto. Nilikaa chini mchangani nikaegemea ukuta. Baada ya muda alikuja msichana wa pale nyumbani, ametumwa atuambie chakula kiko tayari. Nikamwambia akaseme tunakuja, na shangazi akaendelea.